Matembele ya Chini ya Kitanda

Jana chupa ya spiriti ilinimwagikia ndani ya mkoba, kwenye daladala ya Mbagala. Konda akafungua dirisha, mama mmoja akaziba pua kwa khanga. Mimi nilisharudi zangu kidato cha tatu, maabara, saa sita mchana.

Mnalijua lile jaribio la usanisinuru, mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Unaunyima mmea mwanga siku mbili ili umalize wanga uliojiwekea majanini. Halafu unafunika kipande cha jani na kuuanika mmea juani. Ndani ya seli, kwenye kloroplasti, klorofili, ule ukijani wa jani, inanasa mwanga, maji yanapasuliwa, oksijeni inatoka, hewa ukaa inageuzwa sukari, na ya ziada inawekwa kama wanga. Palipofunikwa, patupu. Kwenye daftari ilikuwa rahisi hivyo.

Wangu ulikuwa mche wa matembele kwenye kopo la rangi, chini ya kitanda, nyumbani Keko. Jani nililifunika kwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara za mjomba.

Tulilichemsha ndani ya spiriti, chombo kikiwa kimekalishwa kwenye maji ya moto, maana spiriti haichezewi na moto. Jani likatoka limepauka, spiriti imebeba ukijani wote. Nikalichovya majini lilainike, nikalitandaza kwenye kisahani cheupe. Tone la kwanza la ayodini, dawa inayogeuka nyeusi ikikuta wanga, likaangukia pembeni: kahawia, halafu bluu, halafu nyeusi. Wenzangu wakainama. La pili nikalidondosha pale palipofunikwa, nikangoja libaki kahawia. Likakaa kidogo, kama linajishauri. Kisha nalo likaanza kukolea. Jani zima jeusi tii, hata mpaka wa karatasi huuoni.

Mwalimu akaangalia jani, akaangalia saa. "Andika palipofunikwa hapakubadilika rangi."

Nikaandika. Nadhani ndio uongo wangu wa kwanza kwa Kiingereza. Nane kwa kumi.

Jioni nikamsimulia bibi. Akaweka ungo chini.

"Kumbe yale matembele ulikuwa unayaua makusudi?"

Kila nilipoenda shule alikuwa anayatoa uani, anayamwagia maji, anayaachia jua, na kuyarudisha uvunguni kabla sijafika.

"Siku mbili gizani, mjukuu wangu! Si yatashinda na njaa?"

Ndiyo, bibi. Shida ya jaribio ilikuwa hiyo njaa.

Sijui kwa nini lile jani bado linanisumbua kuliko mitihani niliyofeli kweli. Lenyewe lilijibu sawasawa: nimekula, nina wanga. Na zile alama nane sikuzirudisha, wala leo nisingezirudisha.

Jumapili bibi aliyachuma yale yale, akachanganya na ya sokoni maana hayakutosha, akayaunga nazi.