Mvua ya Mwaka Gani Ilikuwa Kubwa Zaidi?

Tafakari ya juma. Somo: Zaburi 77:11–20

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo huku pwani, maongezi baada ya ibada huwa ni yale yale: ipi ilikuwa kubwa kuliko zote. Watu wa rika langu tunataja El Niño ya 1997 na 1998, madaraja yalivyosombwa, barabara zikakatika, kisha kipindupindu kikafuata. Wa Dar es Salaam wanakumbuka Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipofurika, na baadaye familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Vijana wanasema kimbunga Hidaya. Akiwepo mzee wa Lindi tunanyamaza wote, maana yeye ana 1952, na kwake mvua zetu ni manyunyu tu.

Ana haki. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliupiga mji wa Lindi, na mpaka leo ndicho kinachotajwa kila watu wanapouliza kama Bara imewahi kupigwa na kimbunga kikali. Kabla yake kuna kile cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, huku mashamba ya Pemba yakinusurika kwa sehemu kubwa. Kati ya viwili hivyo ilipita miaka 80. Mtu aliweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa bila kukiona hata kimoja, akawaachia wajukuu neno moja: huku kwetu vimbunga haviji. Wala hakuwa akisema uongo. Wataalamu wanaeleza kwamba karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni dhaifu, na ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Ila kuja mara chache na kutokuja kabisa ni mambo mawili.

Tazameni kumbukumbu zetu za karibu zilivyotufundisha vibaya. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mtwara ilifunga shule na kazi, watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Kikapita kusini. Waliohama wakarudi wakinung'unika. Aprili 2021 Jobo akatangazwa, akafifia kabla ya kuifikia Dar es Salaam, tukacheka. Basi Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipomtangaza Hidaya, nilisikia kwa masikio yangu, tena ndani ya uzio wa kanisa: "Huyu naye atafia baharini kama wenzake." Hidaya alifika Mafia akiwa amepungua nguvu, ni kweli. Lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Kilwa, mabasi na malori yakakwama, na mikoa ya kusini ikabaki upande wake.

Kuna jambo jingine linanisumbua zaidi, na nitalisema ingawa najua litawaudhi baadhi yenu. Baada ya Kenneth tulisikia shuhuda nyingi kwamba maombi yetu yalikigeuza kimbunga. Kwa shuhuda hizo sikuweza kuitikia Amina. Kimbunga kile kilishuka Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako nako kuna makanisa na watu waliokesha wakiomba. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto ule. Wapo waliolala salama Mtwara huku binamu zao nyumba zikiezuliwa. Tunaposhukuru kwa namna hiyo, binamu asikie nini? Kwamba yeye hakuomba vizuri?

Sasa turudi kwenye somo letu, kwa Asafu, mtunzi wa Zaburi ya 77. Zaburi hii inaanza na mtu asiyepata usingizi. Anauliza kama Bwana amemtupa milele, kama Mungu amesahau fadhili zake. Halafu naye anafanya kile tunachofanya sisi: anaikumbuka dhoruba ya zamani, ile ya Bahari ya Shamu. "Mawingu yakamwaga maji," anasema, na radi, na umeme, na nchi ikitetemeka. Mimi ningetegemea amalizie hivi: kwa kuwa Mungu alipita pale, na leo atapita pale pale. Hasemi hivyo. Anasema njia ya Mungu ilikuwa baharini, mapito yake katika maji makuu, kisha anaongeza: "Hatua zako hazikujulikana."

Nimekaa na mstari huo juma zima. Asafu ana hakika kwamba Mungu alipita, ila nyayo hana. Hawezi kuchukua kipimo cha maji ya kale akakiweka juu ya maji ya leo. Kumbukumbu inampa Yule wa kumtumaini. Haimwambii mto utafika mlango wa nani. Kwa hiyo anayesema "mwaka ule hatukuhama na Mungu akatulinda, hata safari hii hatuhami" anaweza kudhani anaongea kwa imani, kumbe anadai nyayo ambazo hata Asafu hakupewa.

Mstari wa mwisho, wa 20, huwa tunausoma haraka. Mungu aliwaongoza watu wake kama kundi, "kwa mkono wa Musa na Haruni." Zaburi inakatika hapo. Hatuambiwi kama Asafu alipata usingizi. Lakini hatua ambazo hazikujulikana zina mikono inayojulikana, yenye majina, ya watu ambao wenzao waliwanung'unikia njia nzima. Nawafikiria wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi waliopita nyumba kwa nyumba Mtwara mwaka 2019 wakisema hameni, na kimbunga kisipokuja wakachekwa. Kazi ya Musa waliifanya, hata kama maji hayakuja.

Kwa jumuiya zetu juma hili, kabla ya masika kushika kasi: kila jumuiya iandike nyumba zake zilizo bondeni, wazee wasioweza kutembea, na nani atambeba nani. Mwenye gari au bajaji aseme mapema. Funguo za ukumbi wa kanisa zikae kwa watu wawili, si mmoja, na mmoja wao awe anaishi mlimani. Orodha ziletwe Jumapili, tuziombee kwa majina.