Baridi ya Mbeya inaficha kiu

Wadau wa joging wa Mbeya mnanichekesha na hii kauli yenu ya "baridi yote hii maji ya nini". Ikifika mwezi wa sita watu wanapandisha Kawetire na jaketi mbili mbili, chupa ya maji hana hata mmoja, na jasho linatoka kibao ila linaishia kwenye nguo huoni, halafu ule moshi unaotoka mdomoni ukihema ndo maji yako hayo yanaondoka. Kiu nayo kwenye baridi inachelewa, ukiisubiri yenyewe tu imekula kwako.

Mimi naamini mzani. Kojoa kwanza, jipime na bukta tu, nenda kakimbie, ukirudi jifute jasho jipime tena na bukta kavu (iliyolowa inaongeza uzito, hesabu inaharibika). Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji, jumlisha na ulichokunywa njiani. Jamaa yetu mmoja wa Uyole alitoka na kilo 68 karudi na 66.4 na njiani alikunywa nusu lita, yaani zimemtoka kama lita 2.1 na bado anasema hajatoka jasho! Hapo ameshapita asilimia 2 ya uzito wake, na kuanzia hapo mbio ndefu zinaanza kuwa nzito, moyo unadunda zaidi kwa spidi ile ile.

Mkojo uangalie ule wa kwanza ukiamka, wa njano iliyopauka uko poa, ukiwa kama chai ya rangi umeamka na deni. Ila kama unameza vitamini B utakuwa njano kali tu hata unywe pipa. Timu zenye hela wana kifaa kidogo, unadondosha tone la mkojo unachungulia namba ya ukolezi wake, isizidi 1.020.

Na msije mkagida maji kwa fujo sasa. Boston marathoni ya 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 pale mwisho, asilimia 13 chumvi kwenye damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na hasa ni wale waliomaliza wameongezeka uzito, yaani maji yameingia mengi kuliko yaliyotoka. Kwahiyo mzani ukipanda baada ya mbio, punguza kunywa.

Huna mzani nyumbani? Wale vijana wa mizani pale Mwanjelwa wanapima kwa hela ndogo tu, ila pima mara mbili, na bukta peke yake pale sikushauri.