Jinsi mkeka wa bibi ulivyoingia kwenye picha zangu

Kwa miaka sita nilichora tembo na twiga wa watu wengine. Sisemi kwa dharau, mtindo wa uchoraji wa Tingatinga ndio ulionilea. Nilitoka Kilwa Kivinje kuja Dar es Salaam kutafuta kibarua cha ujenzi, mjomba akanipeleka Oysterbay kwa rafiki yake mchoraji. Mwaka wa kwanza sikuchora hata jicho la ndege. Nilikuwa nawamba kitambaa cha amerikani kwenye fremu, napaka rangi ya chini, napiga msasa.

Baadaye nikawa fundi wa kunakili. Mteja anataka simba kumi, unatoa simba kumi. Hela ya kodi ilipatikana, lakini moyo ulikuwa mzito. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi, hakuwa na picha ya mtu ya kunakili. Wazo hilo lilininyima usingizi.

Jibu nililipata likizo ya Idi, nyumbani. Bibi yangu anasuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, tangu nimjue. Ukindu anauchemsha na rangi kwenye sufuria, anauanika, kisha anakaa barazani, vidole vinakwenda huku anaongea na majirani. Siku hiyo nilitazama mkono wake karibu, nikaona zambarau inavyopita chini ya kijani na kuibuka mbele. Nimelala juu ya mikeka ile utoto wangu wote, na sikuwahi kuiona!

Nilivyorudi mjini nilijiwekea utaratibu. Jumatatu hadi Alhamisi wanyama wa kuuza, siku mbili zinazofuata picha zangu. Bila hivyo ningekufa njaa, na nawashauri wenzangu wasiache kazi ya mkate kwa pupa.

Naanza na rangi mbili za chini, nazichanganya zikiwa bado mbichi ili pembeni pawe na giza. Naacha zikauke. Kipindi cha masika hapo ni kusubiri, na vumbi au mbu akinasa inabidi kurudi kwenye msasa. Halafu nachora ukili kwa chaki, mstari kwa mstari, na kuujaza kwa brashi ndogo niliyoipunguza nywele kwa wembe. Rangi ya mafuta ikizidi tina ya kuizimua inatiririka, ikipungua inavuta nyuzi. Nimejifunza kuipima kwa kuiacha idondoke kwenye ncha ya kijiti. Juu ya ukili ndipo wanakaa watu wangu: wanawake wa Kivinje, watoto, sinia la samaki.

Picha ya kwanza ilinichukua wiki tano. Nikaenda nyumbani kumwonyesha bibi kwenye simu. Akaishika mbali na macho, akakaa kimya, kisha akasema, "Mume wangu, huu ukili umekatikia wapi?" Akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto. Kweli, kijani kilipita juu mara mbili mfululizo. Mkeka wa namna hiyo, akasema, ungefumuka.

Niliporudi nilikwangua kona ile yote, nikaisuka upya kwa rangi, safari hii kipande cha ukili wake kikiwa kimebanwa kwenye fremu mbele yangu. Hakijatoka hapo mpaka leo.