Alishamaliza, Ana Mtoto

Juni ya Mbulu ina baridi ya kutia meno ganzi. Nilikuwa kidato cha tatu. Wenzangu walishafunga masanduku wakaenda likizo, sisi wa riadha tukabaki bwenini, tuko kambini tunasubiri UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Siku za kambi uji wa asubuhi ulitiwa sukari, na nakuhakikishia wapo waliokimbia kwa ajili ya huo uji tu.

Mimi nilikimbia kwa ajili ya traksuti. Nikisema ni kwa heshima ya shule nitakuwa naongopa. Mwaka uliotangulia dada mmoja wa bwenini kwetu alirudi kutoka timu ya mkoa na traksuti ya bluu, mistari miwili myeupe ubavuni, akawa anaivaa mpaka kanisani. Kumbe alitakiwa kuirudisha, ila hilo nilikuja kulijua baadaye. Kwa kuipata ilibidi uwe wa kwanza au wa pili wilayani.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na hadithi moja, ya Filbert Bayi. Bayi ni wa huku kwetu, kazaliwa Karatu, na mwalimu aliisimulia mbio ya Christchurch ya tarehe 2 Februari 1974 kana kwamba alikuwa amesimama pembeni ya uwanja: jinsi Bayi alivyochomoka tangu mwanzo akawaacha wote wakimfukuza, jinsi John Walker wa New Zealand alivyomkaribia mwishoni asimpate. Mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Halafu anashusha sauti, anakuja kwenye 1976. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu. Bayi hakukimbia. Dhahabu akachukua Walker. "Kuna vitu vinaizidi medali," mwalimu alikuwa anamalizia, na sisi kimya, roho zimejaa.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetuletea mamluki.

Alifika jioni, siku mbili kabla ya mashindano, kashika mfuko wa plastiki na kanga begani. Tukaambiwa tumwite kwa jina la mwenzetu mmoja aliyeacha shule Februari. Fomu ilikuwa na jina hilo, picha mpya, na muhuri wa shule juu yake. Nilimtambua palepale. Alimaliza kidato cha nne shuleni kwetu nilipokuwa kidato cha kwanza, akaolewa huko bondeni. Hakuwa na viatu vya kukimbilia. Mwalimu akanigeukia: "Mpe raba zako, wewe si umezoea peku?"

Ni kweli nilizoea. Lakini raba zile mama aliuza kuku watatu kuzinunua.

Alfajiri ya mashindano nilikwenda chooni nikamkuta nyuma ya ukuta, kainama, kifungo cha blauzi wazi, anakamua maziwa yanadondokea kwenye udongo. Alikuwa anauma midomo. Aliponiona akasema tu, "Yamejaa, mdogo wangu, siwezi kukimbia hivi." Nikamshikia kanga mpaka akamaliza. Hatukusema neno lingine.

Uwanja ulikuwa umechorwa kwa majivu maana chokaa iliishia kwenye mpira wa miguu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Alikimbia vile tulivyofundishwa, mbele tangu mwanzo, na sijui alipata wapi hizo pumzi na mtoto wa miezi mitano nyumbani. Rimu ilipogongwa alikuwa ametuacha kama hatua thelathini. Wa pili akawa msichana wa shule ya jirani. Mimi nikawa wa tatu, nyayo zinawaka moto.

Mwalimu wa ile shule ya jirani alishanusa kitu. Akamfuata afisa michezo, wakanong'ona, kisha wakaniita mimi, mwenye jezi ya rangi ileile. Mwalimu huyo aliniuliza kwa Kiiraqw, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: binti, huyu mnasoma naye? Mwalimu wangu alikuwa hatua tatu kutoka pale, anazungusha kamba ya filimbi kidoleni. Sikumwangalia.

"Hapana, mwalimu. Alishamaliza. Ana mtoto."

Hilo la mtoto hakuna aliyeliuliza.

Afisa alininyanyua mkono mbele ya watu akanisifu kwa ukweli. Watu wakapiga makofi. Kwa miaka mingi ndugu zangu walilisimulia tukio hilo harusini na misibani kuonyesha nilivyolelewa vizuri, na mimi niliwaacha wasimulie. Hawakujua kwamba kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshapiga hesabu: akifutwa wa kwanza, wa tatu anakuwa wa pili.

Nilimkuta amekaa kwenye nyasi, anavua raba. Alikuwa ameahidiwa elfu kumi na tano na nauli ya kurudi. Ya kwendea alikopa kwa wifi yake. Sasa mwalimu alikuwa hata hamtazami, anajifanya na yeye kadanganywa. Alizikung'uta vumbi, kushoto kisha kulia, akazifuta kwa pindo la kanga.

"Shika, utazihitaji mkoani," akasema. Nikazipokea. Akanyamaza kidogo. "La shule ulikuwa huna budi. La mtoto ungeniachia."

Babati, mkoani, nilipewa traksuti. Bluu, mistari miwili, suruali imenizidi urefu. Nilikuwa wa saba, na jioni ileile bwana mmoja mwenye daftari akapita kuzikusanya, anahesabu moja moja, kila mtu anatia sahihi.

Kamba ya raba ya kushoto ilikuwa imekatika miguuni kwake siku ile, naye akaiunga kwa fundo dogo, gumu. Asubuhi ya mbio nilijaribu kulifungua kwa kucha, kisha kwa meno. Likagoma. Nikakimbia nalo.