Siku moja maishani mwangu: sipigi debe, nalinganisha wagombea

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye feri ya Likoni, mkoba umejaa kadi. Ni Alhamisi, 25 Agosti 2022. Kwingine magavana walichaguliwa tarehe 9. Sisi wa Mombasa, pamoja na wenzetu wa Kakamega, kura ya ugavana iliahirishwa kwa kuwa karatasi zilikuja na picha zilizokosewa. Tunapiga Jumatatu, tarehe 29.

Nafundisha elimu ya uraia. Kwenye kadi yangu kila mgombea ana safu yake, na maswali ni manne: chekechea, zahanati, ushuru wa soko, maji. Yote hayo Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa kaunti. Ahadi yenye mwaka na kiasi cha pesa naiandika. Isiyo navyo naichorea duara tupu. Maduara ni mengi.

Saa moja mpaka saa nne nazunguka soko la Kongowea, kwa wauza nyanya na vitunguu. Shwari.

Halafu nikafika kwa muuza viazi.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, kaka."

"Basi umelipwa ngapi?" Akawaita na majirani zake waje wanione. Nikasimama juani, kadi mkononi, narudia yale yale. Jambo hili huniuma kila siku: mtu ukiuliza maswali huku, unaonekana umenunuliwa.

Akasema yeye atampa kura atakayempandishia mkewe mshahara. Mkewe anafua nguo Nyali. Nikamwambia kima cha chini cha mshahara hupangwa na serikali ya kitaifa, gavana hana uwezo huo hata akiuahidi jukwaani.

"Sasa gavana wa nini?"

"Shemeji akienda kufua, mtoto anabaki na nani?"

Akanyamaza. Mtoto hubaki naye hapo hapo, kwenye magunia. Nilikuwa namwona mtoto mwenyewe, amelala, shavu lina vumbi la viazi. Nikamwonyesha mstari wa chekechea, duara kwa duara. Akaufuata kwa kidole, polepole.

"Na choo cha soko? Mbona hukuandika choo?"

Sikuwa na jibu. Jua lilikuwa limeshapinda, sijatia kitu tumboni, miguu inawaka. Sikumbuki niliondoka pale saa ngapi.

Usiku, mwanangu kalala, nimekaa sakafuni na kadi za kesho. Kwenye kila moja naongeza mstari wa tano kwa kalamu: choo.