Kwa mgongo wa kaka

Mara ya kwanza kutazama mieleka nilikuwa nimekaa chini mchangani, mbele ya benchi la kwanza, kwenye kibanda cha video pale Ngamiani, Tanga. Ni mwishoni mwa miaka ya 90. Mwenye kibanda hakutaka watoto wa kike. Kaka yangu akalipa viingilio viwili, akamwambia, "Huyu mdogo wangu, nikimwacha nyumbani mama atanigombeza." Tukapita.

Kanda yenyewe ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mno, chenga zimejaa kama mvua ya masika. Lakini mpiganaji aitwaye Undertaker alipopigwa chini, tukadhani kwisha, halafu akakaa kitako ghafla na macho yamegeuka meupe, kibanda kizima kilipiga ukelele. Tuliamini ana roho saba kama paka. Usiku ule sikulala, na kesho yake nikamsumbua kaka anirudishe.

Mara ya pili kuingia kwa mgongo wa kaka ilikuwa Jeddah, Saudia, Ijumaa, tarehe 27 Aprili 2018. Mimi nilikuwa nalea watoto kwenye nyumba moja ya huko, kaka ni dereva. Tangazo lilipotoka kwamba WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, wanakuja na Greatest Royal Rumble, wanaume 50 kwenye mchezo mmoja, nilimpigia simu kabla sijamaliza kulisoma. Mwanamke hakuweza kuingia bila ndugu wa kiume. Hata mpira wa miguu, ilikuwa ni Januari ya mwaka uleule ndipo wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kukanyaga uwanja ule wa King Abdullah, ambao wenyewe wanauita al-Jawhara. Johari, kwetu sisi watu wa pwani. Kaka aliomba ruhusa kazini, akanifuata na gari, na njia nzima tulikuwa tunabishana nani atashinda kama vile hatujawahi kuacha kubishana tangu Ngamiani.

Nakumbuka vitu kwa vipande. John Cena na Triple H walifungua. Titus O'Neil alitoka mbio kwenda ulingoni, akajikwaa, akateleza kwa tumbo mpaka akapotelea chini ya ulingo, na kaka alicheka hadi akafuta machozi kwa kanzu. Kwenye ule mchezo wa watu 50, Daniel Bryan alikaa ulingoni zaidi ya dakika 76. Braun Strowman akashinda. Lakini kwangu mimi yote hayo ni pembeni. Taa zilizimwa, kengele ikalia, Undertaker akatoka taratibu kwenda kupambana na Rusev, na jeneza la kumfungia atakayeshindwa limewekwa kando ya ulingo. Nilimshika kaka mkono. Mtu niliyemwona kwenye chenga nikiwa mtoto yuko mbele yangu, mzima, anatembea.

Halafu kikapita kipande kifupi cha matangazo kwenye skrini kubwa, na ndani yake wamo wanawake wa WWE. Sekunde chache tu. Mimi nilisimama. Mamlaka ya michezo ya nchi ile iliomba radhi hadharani kwa picha zile. Usiku ule hakukuwa na pambano hata moja la wanawake.

Ndiyo maana tarehe 31 Oktoba 2019, Natalya alipopambana na Lacey Evans mjini Riyadh, pambano la kwanza la wanawake kwenye nchi ile, nilijifungia jikoni na simu watoto wakiwa wamelala. Walivaa nguo za kufunika mwili mzima na fulana juu yake. Natalya akashinda. Wakakumbatiana, na mimi nikalia peke yangu na kikombe cha chai kimepoa.

Naandika haya kwa sababu kila kampuni ya mieleka inapotangaza nchi mpya au televisheni mpya, watu huniambia, "Mchezo wenu unakua." Ni kweli unakua. Mimi ninachouliza ni nani anayelipa, maana mieleka humfuata anayelipa.

Zamani Marekani ilikuwa imegawanywa vipande, kila promota na eneo lake, na aliyemlisha alikuwa ni yule aliyekata tiketi mlangoni. Vince McMahon aliponunua kwa baba yake, mwaka 1982, kampuni ambayo leo ni WWE, alivunja mipaka ile kwa kutumia televisheni: akapeleka vipindi vyake kwenye miji ya wenzake, kisha akafuata na wapiganaji. WrestleMania ya kwanza, onyesho lao kubwa la kila mwaka, ilikuwa 1985, ikaonyeshwa kwenye kumbi mbalimbali ambako watu walikata tiketi kutazama skrini, na Muhammad Ali alikuwa mmoja wa waamuzi. Hebu fikiria, watu wamekaa kwenye ukumbi wa mbali, wamelipa kiingilio, wanatazama skrini. Hicho si kibanda chetu? Tofauti ni kwamba senti zao zilimfikia mwenye mchezo.

Na televisheni iliyokulea inaweza kukuua. WCW, kampuni pinzani, ilikuwa na kipindi cha Nitro kwenye kituo cha TNT tangu Septemba 1995, na kwa muda mrefu iliishinda Raw, kipindi cha McMahon, kwa watazamaji. Machi 2001 wakubwa wa vituo wakaamua hawataki tena mieleka hewani. Kampuni isiyo na kipindi haina kitu cha kuuza. Ndani ya siku chache ikanunuliwa na mpinzani wake.

Kwa hiyo niliposikia Januari 2024 kwamba Raw inahamia Netflix kwa mkataba wa miaka 10 unaozidi dola bilioni 5, sikushangaa. Matangazo yalianza tarehe 6 Januari 2025. Mwaka huohuo WWE wakatangaza kuinunua AAA, kampuni ya mieleka ya Meksiko, na WrestleMania ya 2027 ikapangiwa Riyadh, ya kwanza kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Mkataba na serikali ya Saudia ulisainiwa 2018, wa miaka 10. Mashabiki wa kule wapo, niliwaona kwa macho yangu, watoto wamepanda mabegani mwa baba zao wanaimba majina yote. Lakini WWE hawakuitwa na watoto wale, waliitwa na serikali.

Ndiyo maana naipenda zaidi hadithi ya AEW, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani, pale uwanja wa Wembley, London, Agosti 2023. Kampuni ya mwaka 2019, inayoishi kwa kipindi chake cha Dynamite, ilitangaza tiketi 81,035 zilizouzwa. Hao ni watu waliotoa fedha mfukoni kwa sababu wanataka kuona.

Nilirudi Tanga mwaka 2021. Hapa natazama vipande vya YouTube kwa bando, na kaka hunitumia matokeo kabla sijaamka, jambo linaloniudhi hadi leo.

Na ninatazama Mukono. Kama hujawaona Soft Ground Wrestling, kundi la mieleka la huko Mukono, Uganda, acha kusoma, nenda kawatafute, kisha urudi. Aliyewaanzisha, Bumbash, alikuwa akiitafsiri mieleka ya Marekani kwa Kiganda. Akakusanya vijana, wasichana wakiwemo, na kwa kuwa hawakuwa na ulingo wakatengeneza wa udongo: nguzo za mianzi pembeni, katikati matope laini ya kuangukia. Mwaka 2023 video zao zilizunguka dunia nzima. Wanaruka kutoka juu ya nguzo, wanatua kwenye matope, refa anahesabu naye ametapakaa. Nilipowaona wale wasichana wanarushana nilirudia video ile hadi bando likaisha. Hakuna kituo cha televisheni kilichowatangulia, wala serikali iliyowalipia. Walikuwa na simu na udongo wa kwao.

Juzi kaka amenitumia sauti: "Mdogo wangu, 2027 panapo majaaliwa, mimi nashughulikia tiketi, wewe shughulikia viza." Nimemwambia ntakuja, Mungu akipenda, siwezi kuikosa WrestleMania. Lakini kabla ya hapo nina safari nyingine, na hii naenda mwenyewe. Nimeshauliza stendi. Tanga hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi, na basi la Nairobi kwenda Kampala linapita Mukono kabla ya kuingia mjini. Nitamwomba kondakta anishushe hapo.