Hela Nyekundu ya Babu

Likizo ya Desemba 1998, Babu alikuwa akichimba shimo la mnazi nyuma ya nyumba yetu Mikindani, hatua chache tu kutoka kwenye mikoko, jembe likagonga kitu. Akakiokota, akakifuta kwa shuka. Hela ya Mjerumani: taji, chini yake DOA, kifupi cha jina la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na mwaka 1916; upande wa pili, 20 HELLER. Neno letu "hela" limetoka huko huko.

Ilikuwa nyekundu. Kaka akasema kiwanda kilikosea madini, tutapata pesa nyingi. Nikaamini, nikaisugua kwa ndimu na mchanga ing'ae. Hilo linaniuma mpaka leo.

Babu akanichukua hadi Mtwara mjini kwa sonara mmoja mzee.

"Shikamoo, Babu," nikamwamkia sonara.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani ameikwaruza hivi?"

Nikainama. Hakunikemea. Akaeleza kuwa hela hizi zilipigwa Tabora wakati wa vita, na zipo za shaba nyekundu, zipo za shaba ya manjano, kwa hiyo wekundu peke yake si kosa la kiwanda. Kisha akamgeukia Babu: "Mzee wangu, naomba ruhusa nipitishe tupa ukingoni, padogo tu."

Akaipitisha mara mbili. Chini ya wekundu pakatokea manjano safi, kama mng'ao wa pete mpya.

"Hii ni ya manjano. Matope ya chumvi yamekula zinki iliyomo, shaba ikabaki juu peke yake. Tazama na mabaka: hapa pamekolea, hapa pamepauka. Madini yangekuwa mengine tangu kiwandani, hata ndani pangekuwa pekundu."

Babu akanyoosha mkono aichukue. Sonara akaizuia, akabana kioo jichoni.

"Ngoja. Kosa la kiwanda lipo, ila si mlipokuwa mkitazama."

Akanipa kioo. Kutoka kwenye taji hadi ukingoni ulipita mstari mwembamba kama unywele, umeinuka juu ya uso wa hela. Muhuri wa kupigia ulikuwa umepasuka, madini yakaingia kwenye ufa.

"Chumvi inakula, mwanangu. Haiwezi kuchora mstari ukainuka namna hii."

Babu hakuiuza. Ninayo mimi sasa. Nikipitisha ukucha juu ya taji, unakwama palepale.